Herufi za Meno ya Mbele

Siku tuliyompeleka Bimdogo Nizwa kung'olewa meno, alianza kusoma herufi kabla hatujatoka Ibra.

Hakusoma kwa sauti yake ya darasani. Alikuwa kiti cha nyuma pamoja nami na mwanangu Hiba, uso ameuelekeza dirishani, ncha ya ulimi ameiweka chini ya yale meno yake mawili ya mbele, ya juu. "Thaa," akapuliza. Akanyamaza kidogo. "Dhali. Dhaa." Kisha akaushika mdomo wa chini kwa meno yaleyale: "Faa." Akarudi mwanzo. Mkono wake wa kulia, ule uliovunjika kifundo mwaka jana kwa kuanguka tu ukumbini, aliulaza juu ya paja kama kitu cha kuazima.

Hiba, ambaye ana miaka minne, alidhani ni mchezo. "Thaa," naye akasema.

"Utoe ulimi kidogo, mama," Bimdogo akamwambia. "Usiufiche. Ukiuficha inakuwa sini."

Harub, mume wangu, ndiye aliyekuwa akiendesha. Nilimwona kwenye kioo ameyakaza macho barabarani, kama mtu anayeambiwa jambo asilotaka kulisikia. Bimdogo ni mama yake mzazi. Mimi ni mkwe tu, lakini mama yangu alikufa zamani, na Bimdogo ndiye aliyenikanda nilipojifungua, kwa hiyo sina neno jingine la kumwita ila mama.

Watu wa mtaani kwetu wanamjua kwa darasa lake. Kila siku baada ya Alasiri wanawake huja ukumbini kwetu kusoma Kurani, wengine watu wazima kuliko yeye. Yeye alisomeshwa Unguja kabla ya kuletwa huku Omani, na anavyosoma ndivyo alivyopokea, herufi moja moja, kila moja na mahali pake pa kutokea. Zile nne alizokuwa akizisoma garini hazina mahali pengine pa kutokea ila kwenye makali ya meno ya juu ya mbele. "Haya mawili ndiyo ubao wangu na chaki yangu," huwaambia wanafunzi wake. Kuna mmoja wao, Bi Hajar, aliyetia meno ya bandia, na tangu siku ile thaa yake hutoka na mluzi. Hakuna anayemcheka. Bimdogo humrudisha mara mbili, ya tatu humwambia, "Mungu anakusikia, endelea." Lakini niliuona uso wake ukisinyaa kila alipolisema hilo.

Sasa meno hayo mawili yalikuwa yakioza mizizini.

Daktari Wasan wa Nizwa alitueleza siku ya kwanza, kwa Kiarabu cha mbio cha hospitali, nami nikimfasiria Bimdogo. Masomo yangu nimeyamalizia darasa la jioni, Hiba nikimwacha kwa Bimdogo huyu huyu, na sayansi ndiyo niliyoipenda kuliko yote, basi nilimsikiliza kwa masikio yote mawili. Jino kwa juu lina ganda gumu, alisema. Mzizi hauna ganda hilo, umezoea kufunikwa na ufizi. Fizi za Bimdogo zimepanda kwa umri, mizizi imebaki uchi, na vidonge vya presha vimemkausha mate. Na mate ndiyo dawa ya kwanza ya asili: asidi ikiyatoa madini jinoni, mate huyarudisha. Pasipo mate hakuna wa kuyarudisha, na mzizi unalainika kama jibini.

Kumbe Bimdogo, ili alowanishe mdomo, alikuwa akimumunya lumi, zile ndimu kavu, kutwa nzima. Daktari aliposikia alifumba macho.

Akamwandikia dawa ya mswaki ya floridi nzito, mara kadhaa ya ile ya dukani. "Apake mizizini asubuhi na usiku. Ateme, lakini asisukutue. Madini yatarudi na mzizi utakuwa mgumu. Si ajabu wala si muujiza, ni subira."

Subira tuliifanya. Lumi nilizitoa nyumbani zote. Tende zikawa za wakati wa chakula tu. Mswaki wa mti, anaoununua mwenyewe kila Jumatano soko la wanawake, aliuchagua laini na kuupitisha taratibu. Miezi ikapita. Na kila tulipokwenda Nizwa, daktari alipogusa mizizi kwa kile chuma chake chembamba chenye ncha, kilikwama. Kilizama kidogo, na kikatoka kwa kunata.

Wakati huo daktari wa mifupa alikuwa akingoja. Baada ya kile kifundo kuvunjika alitaka kumtia Bimdogo dripu ya kuimarisha mifupa, lakini dawa hiyo ina sharti: ukishatiwa, kung'oa jino ni hatari, taya huenda lisipone. Kwa hiyo kinywa kiwe salama kwanza. Ama mizizi iwe migumu, ama meno yatoke. Na kila siku tuliyongoja, Bimdogo alikuwa akitembea na mifupa kama biskuti.

Harub ndiye aliyemkuta siku ile ukumbini, yuko chini, anaomba radhi kwa kuwasumbua watu. Hakuisahau. Ndiyo maana mizizi iliposhindwa mara ya mwisho, alisema, "Yatoke, basi. Mama anahitaji nyonga kuliko anavyohitaji meno." Bimdogo aliitikia kwa kichwa.

Na siku moja kabla ya safari hii, juu ya hayo, Harub alifungua kabati la mama yake kutafuta kitambulisho chake akaikuta halua. Bakuli zima, limeguswa upande mmoja tu.

"Mama," alisema, amelishika kama polisi. "Sisi tunahangaika na madaktari, na wewe unakula halua kwa siri?"

"Ya wanafunzi," Bimdogo akajibu.

"Wanafunzi wanakula kabatini?"

"Harub, mimi sijakudanganya tangu nikuzae. Dawa napaka, halua sili."

"Basi kwa nini mizizi haigumuki?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Harub akaondoka na lile bakuli. Bimdogo akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Na wewe unadhani hivyo hivyo?" Nikamwambia hapana, lakini nilichelewa kidogo kulisema, na yeye si mtu wa kupitwa na kuchelewa kwa mtu.

Ndivyo tulivyokuwa ndani ya gari ile asubuhi.

Tulipita Sinaw, na adhuhuri ikatukuta kwenye kituo cha petroli chenye msikiti. Juni ile jua lilikuwa halitazamiki. Harub akatununulia chapati za mayai na chai ya maziwa, tukala garini, kiyoyozi kinavuma. Bimdogo alipomaliza alifungua mkoba wake akatoa dawa ya floridi. Akaiweka kwenye kidole cha shahada, akainua mdomo wa juu, akapaka mizizi taratibu, huu, na huu, kama mtu anayempaka mtoto wanja.

"Hata leo, mama?" nikamuuliza.

"Daktari aliniambia nipake. Hajaniambia niwache."

Akatema kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikageuza uso nisije nikalia mbele yake. Alikuwa akiyatibu meno yanayokwenda kung'olewa.

"Twende tukaswali," akasema.

Nyumbani Bimdogo ana chumba chake na choo chake, wala hataki mtu wa kumshika. Lakini pale vigae vya upande wa wanawake vilikuwa vimelowa, nikamshika kiwiko hadi akakaa kwenye kile kijiwe mbele ya bomba. Akakunja mikono ya baibui. Akasema bismillahi, akaosha viganja, akateka maji kwa mkono wa kulia akayatia kinywani. Akayazungusha kwa nguvu, shavu hili, shavu hili. Akapitisha kidole juu ya meno. Akatema. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Maji yaliyotoka ya kwanza yalikuwa meupe. Nikayatazama yakienda na mfereji.

"Mama," nikasema. "Dawa umeipaka sasa hivi tu."

"Ndiyo. Umeniona."

"Na daktari alisema usisukutue."

"Sijasukutua." Akaniangalia kwa mshangao, maji yanamdondoka kidevuni. "Natia udhu."

Nilichuchumaa mbele yake pale pale kwenye maji. "Nyumbani pia unafanya hivi?"

"Nafanya vipi? Napaka, natema, nangoja kidogo, natia udhu, nalala. Tangu usichana wangu sijalala bila udhu, Khole. Unalijua hilo."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi napaka baada ya chai, kisha natia udhu kwa ajili ya msahafu. Nitashikaje msahafu na ladha ya duka la dawa mdomoni?"

Nikajikuta nacheka, na machozi yako palepale. Miezi yote ile. Kila usiku dawa ilikaa juu ya mzizi muda wa mtu kukunja mikono ya nguo, kisha ikaoshwa mara tatu, vizuri, kwa bidii ya mcha Mungu. Kwake yeye kusukutua ni kile anachokifanya mtu baada ya kula. Udhu ni udhu. Hayo mambo mawili hayajawahi kukaa chumba kimoja kichwani mwake.

"Unacheka nini? Nawe tia udhu wako, watu wanangoja bomba."

Harub nilimwambia kando ya gari, Bimdogo akiwa bado anamvisha Hiba viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo dawa haijajaribiwa, Harub. Hata siku moja haijajaribiwa."

"Tumeshapewa miadi. Daktari wa mifupa anangoja."

"Angoje kidogo tena."

"Kidogo kipi?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Hukumwona ukumbini wewe. Mimi nilimwona. Akianguka tena kwa nyonga, atakuwa anazo herufi zote na amelala kitandani. Utakuja kuniambia nini, Khole? Utaniambia floridi ilikuwa haijaoshwa?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia, "Mwache daktari aseme."

"Daktari atasema."

Kutoka pale mpaka Nizwa Hiba alikuwa akimfundisha mwanasesere wake thaa.

Kliniki ilikuwa baridi. Sinia ya vyuma ilikuwa tayari pembeni ya kiti, imefunikwa kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa umbo la koleo lilionekana. Bimdogo aliliona akakaa, akafunga vifungo vya mikono kama mtu aliyefika ugenini. Nikaanza kusema kabla daktari hajavaa glavu. Nilieleza vibaya, nilichanganya Kiarabu na Kiswahili, nikaonyesha na mikono jinsi maji yalivyotoka meupe.

Daktari Wasan akamgeukia Bimdogo. "Ummu Harub, unatia udhu mara ngapi kwa siku?"

Nikafasiri.

"Kila unapoharibika," Bimdogo akajibu. "Mtu anayefundisha Kurani atakaaje bila udhu?"

Daktari akakaa kwenye kigoda chake. "Na mimi nilisema 'asisukutue,' nikajiona nimemaliza," akasema, karibu kwa nafsi yake. Akachukua kile chuma chembamba, akagusa mzizi wa kwanza, wa pili. Kilikwama, kama siku zote. Akaipiga picha mizizi, akaitazama muda mrefu. Harub amesimama ukutani, mikono kifuani.

"Uozo haujafika kwenye mshipa wa jino," daktari akasema. "Bado iko nafasi. Si kubwa."

"Nafasi ya muda gani?" Harub akauliza.

Daktari akatoka kumpigia simu mwenzake wa mifupa. Tulimsikia nyuma ya mlango, maneno hatukuyasikia. Aliporudi alisema, "Mpaka shule zifunguliwe, mwisho wa Agosti. Zaidi ya hapo hakubali, na mimi sitamwomba. Chuma kikikwama siku hiyo, tunang'oa siku hiyo hiyo."

Akampaka mizizini rangi ya floridi inayonata, akatupatia na krimu iliyotengenezwa kwa protini ya maziwa, iyape mate madini ya kufanyia kazi. Kisha akasema la muhimu. "Udhu kwanza. Dawa mwisho. Baada ya dawa, kitanda."

Nilipomfasiria, Bimdogo akafikiri. "Muulize, nilale nimenyamaza? Mimi hulala na nyiradi mdomoni. Na malaika akija usiku huo, nimtamkie shahada na povu?"

Nikaona haya kulifasiri, lakini nikalifasiri. Daktari hakucheka. "Dawa haikatazi kusema. Dawa inakataa maji tu."

"Mimi siwezi kulitaja jina la Mungu na dawa mdomoni," Bimdogo akasema. "Basi nitasema yangu yote kwanza. Nikishapaka, nimenyamaza mpaka asubuhi. Mungu anajua kwa nini."

Toka siku hiyo nyumba yetu ikawa na mpango mpya. Baada ya Isha Bimdogo alitia udhu, akasoma nyiradi zake zote, akatuita mmoja mmoja kusema lake lolote, maana baadaye hapatikani. Hiba alipata hadithi yake mapema. Kisha dawa, na kimya. Ukimsemesha, anainua kidole cha shahada na kukionyesha mdomo. Asubuhi akabadilisha pia: chai, udhu, msahafu kidogo, ndipo dawa.

Harub alinunua zulia la mpira la chooni, akafunga vyuma vya kushikia ukutani, na kila jioni maji yakianza kumwagika bombani kwa mama yake, aliacha alichokuwa akikifanya akasikiliza mpaka yaishe.

Kutoka Sur, wifi yangu Ahlam alituma kichupa na ujumbe wa sauti mrefu. "Khole, mpake mama hii, ni unga wa kokwa za zabibu, asili tupu, haina kemikali. Hizo floridi zenu ndizo zilizomharibu." Ahlam anaiuza kwa simu, na hana nia mbaya. Nami nilitaka kuamini. Nilisoma kwamba kokwa za zabibu zinafanyiwa utafiti kweli, kwamba zina kitu kinachozishikamanisha nyuzi za ndani ya mzizi ili madini yapate pa kukaa. Lakini nilipokigeuza kichupa, baada ya zabibu palikuwa na chumvi ya ndimu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chachu, ya kukunja uso. Asidi.

"Asili tupu," nikamwambia Ahlam kwa simu, "na lumi nayo ni asili, wifi yangu. Ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Wewe darasa la jioni limekupanda kichwani."

"Limenipanda. Kichupa nakuwekea."

Alikata simu kwa hasira, na usiku huo nikajiuliza kama nimekosea.

Nikajiuliza zaidi mwisho wa Julai. Asubuhi moja Bimdogo alicheka jambo la Hiba, mdomo wa juu ukapanda, nikaona. Mizizi ilikuwa imekuwa myeusi. Zamani ilikuwa na rangi ya manjano, kama siagi iliyokaa nje. Sasa ilikuwa hudhurungi ya kukolea, mmoja karibu mweusi kabisa, kama kokwa ya ukwaju.

Nilimwomba afumbue kinywa. Akafumbua.

"Imeharibika?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Niambie kweli."

"Wallahi sijui."

Nilipiga simu kliniki. Daktari Wasan yuko likizo, wakasema, atarudi siku za miadi yenu. Mwingine anaweza kuwaona, anaweza kung'oa. Neno hilo likanitoa simu sikioni.

Harub aliiona siku ya pili, kwenye kahawa. Alinifuata jikoni. "Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Yameoza mbele ya macho yetu, Khole."

"Huenda."

"Huenda?" Akaegemea jokofu, akajishika paji la uso. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kupigana nayo. "Mimi nimekubali kwa sababu yako. Nimengoja kila siku nikisikiliza bomba. Sasa nampeleka huyo mwingine, kesho."

Nilikuwa sijamjibu pale tuliposikia kishindo.

Tulikimbia. Bimdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa choo, vyuma vya ukutani amevishika kwa mikono miwili, maji ya bomba bado yanatiririka, kandambili moja iko upande wa pili wa chumba. Ile kandambili ndiyo iliyopiga kishindo. Yeye hakuanguka. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Nimeteleza tu," akasema. "Nimeshika."

Harub akapiga magoti akamgusa nyonga, magoti, kifundo, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Bimdogo akamwacha. Alipomaliza, akamwambia, "Nimesikia mliyokuwa mnasema jikoni. Nyumba haina milango siku hizi." Akavuta pumzi. "Ukinipeleka kesho, nitakwenda, wewe ni mwanangu na unaniogopea. Lakini nataka yule aliyeniambia ningoje ndiye aniambie nimeshindwa. Si mtu nisiyemjua."

Maji yalikuwa bado yanamwagika. Harub akanyoosha mkono akafunga bomba. Akakaa pale sakafuni, suruali imelowa.

"Daktari Wasan, basi," akasema. "Lakini udhu utatia ukumbini, na beseni. Nitakuletea maji mimi."

Na akamletea. Wiki zilizobaki, mara tano kwa siku akiwa nyumbani, na asipokuwepo mimi. Nilikuwa namwagia maji viganjani nikiyatazama meno yale meusi, nikimwomba Mungu jambo nililolijua kwa nusu tu.

Siku ya miadi hapakuwa na herufi garini. Hiba alilala.

Sinia ilikuwa palepale, na kitambaa cha kijani. Daktari Wasan alikuwa ameungua na jua la likizo. Akamwinua Bimdogo mdomo wa juu, akasita. Nikaliona lile kusita, na Harub naye akaliona, maana alinishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya.

"Yamekuwa meusi lini?" daktari akauliza.

"Julai," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

Akachukua kile chuma. Nikasikia kiyoyozi kikidondosha maji nje. Akaiweka ncha juu ya mzizi wa kwanza akausukuma.

Kikateleza. Kilitoa mlio mdogo mkavu, kama ukucha juu ya kigae.

Akarudia. Mlio uleule. Akahamia wa pili, juu, katikati, na kila mahali kilikuwa kikiteleza, mpaka karibu na ufizi ambako kilishika kidogo, kwa unywele tu, kisha kikatoka bila kunata.

"Mzizi unaooza ni laini," daktari akasema, na sasa alikuwa akisema polepole ili nifasiri kila neno. "Ukipona hauwi mweupe tena. Unakuwa mweusi, mgumu, na unang'aa. Uangalieni unavyong'aa." Akaugonga tena kwa ncha. "Hapa karibu na ufizi nitaziba kidogo kwa saruji ya meno. Kung'oa hakuna."

Nilifasiri mpaka "mgumu," hapo nikakwama. Harub ndiye aliyemalizia. "Hayang'olewi, mama."

Bimdogo alikuwa bado amefumbua mdomo, kwa adabu, akingoja aruhusiwe. Daktari alipotoa mkono, aliufunga, akapitisha ulimi nyuma ya meno, akauweka makalini.

"Thaa," akasema.

Saruji ikatiwa. Karatasi ya daktari wa mifupa ikaandikwa, dripu wiki inayokuja. Tukarudi kwa njia ileile, na tukasimama kituo kilekile cha petroli, tukala chapati zilezile. Bimdogo alikuwa wa kwanza kushuka kwenda kutia udhu. Akaswali, akasoma dua ndefu kuliko kawaida yake, akarudi garini akajifunga mkanda. Ndipo akafungua mkoba, akatoa dawa, akapaka, huu, na huu. Akatema kwenye karatasi.

Harub hakuwasha gari. Akakaa amelishika usukani, anatazama mbele.

"Mama," akasema. "Ile siku ya halua. Nilikuvunjia heshima. Nisamehe."

Bimdogo akainua kidole cha shahada, akauonyesha mdomo wake.

"Hawezi kusema," Hiba akamweleza baba yake. "Ana dawa."

Basi Harub akaendesha. Tukaipita Sinaw, tukayapita magari ya mbuzi yanayotoka mnadani, na kila baada ya muda alimtazama mama yake kwenye kioo, na mama yake akitazama nje, midomo ameifunga, hasemi ndiyo, hasemi hapana. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Milima ya Ibra ikatokea. Tukaingia mtaani kwetu, tukapita mtendeni, na wanawake wa darasa walikuwa wamekwisha kukaa barazani wanangoja, Bi Hajar mbele yao.

Gari liliposimama Bimdogo akafungua mkanda. Akamgusa Harub bega kwa nyuma.

"Na halua yangu," akasema, "umeipeleka wapi? Wanafunzi hawa hapa, nitawapa nini?"